Mkwe Hapitwi, Hata Ndani ya Ndege

Marafiki zangu wa Stanleyville, mmeniuliza habari za Kasongo mmoja mmoja, na kila mmoja amenikatiza kabla sijafika hata Kindu. Nimeona afadhali niandike. Karatasi haikatizwi.

Kazi yangu mnaijua juu juu tu. Mimi ni karani katika ofisi inayokagua ndege za abiria. Injini zina mafundi wake. Sisi tunakagua chumba wanamokaa watu: nani amefunga mkanda, mizigo imewekwa wapi, mlango unafunguka vipi, na je, moto ukiwaka, mhudumu wa ndani atawatoa watu au atatangulia kukimbia yeye. Mkaguzi mwenyewe ni Mbelgiji mrefu mwenye masharubu ya rangi ya mahindi. Watu humwita Bwana Taratibu, kwa sababu neno hilo ndilo karibu Kiswahili chake chote. Yaliyobaki husema kwa Kifaransa na mimi huyageuza.

Stanleyville hadi Kindu

Tulipanda gari la moshi mpaka Ponthierville, kisha meli. Bwana Taratibu alikaa juu na Wazungu wenzake, mimi chini na magunia ya chumvi, na nawaambia kweli kwamba chini ndiko kulikokuwa na chakula. Mama mmoja wa Kilokele aliuza samaki wa moshi na lituma ya moto, zile ndizi zilizopondwa, na aliponisikia nikiusifu mkono wake aliniongezea pilipili bila kuuliza.

Siku ya pili meli ilikwama mchangani. Nahodha aliapa kwamba ni jambo la saa moja. Tulilala hapo, tukaamka hapo. Bwana Taratibu hawezi kukaa bure, kwa hiyo alizunguka akihesabu maboya ya kuokolea watu, na alipokuta mengine yamefungiwa chini ya mizigo, alimwita nahodha. Nahodha akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwambie Bwana wako, hapa maji yanafika magotini. Mutu akianguka, atasimama."

Sikumgeuzia yote.

Kindu hadi Kasongo, angani

Kindu tulikuta uvumi umetutangulia. Ilisemekana kuna Mzungu amekuja kupima watu, na wanene watabaki. Uvumi huo ulikuwa na mzizi: ndege ya kampuni tuliyokuja kuikagua ni ndogo, ya injini mbili, na kila abiria hupandishwa kwenye mizani pamoja na kifurushi chake ili rubani ajue uzito ukae upande gani.

Aliyekuwa akiwapanga watu ni Feruzi, mhudumu wa ndani. Nitamtaja sana, basi mjueni. Ni kijana wa Kasongo, mwenye kofia iliyonyooka na sauti ya mwadhini. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo katika njia ile, na alikuwa bado anajaribiwa. Bwana Taratibu akitia saini, anabaki ndani ya ndege na kofia yake. Asipotia, anarudi kubeba makasha uwanjani, na kampuni itasema tuliwaambia Mwafrika hataiweza. Feruzi alijua. Mke wake alijua. Nadhani hata mpishi wa rubani alijua.

Watu walipimwa vizuri mpaka ikafika zamu ya mama mmoja mwenye mwili wake, kitambaa cha manjano kichwani na shavu moja lililovimba. Aliitazama mizani, akamtazama Feruzi.

"Mimi si pamba," akasema.

Abiria wakacheka, maana nani asiyeijua mizani ya soko la pamba?

"Mama yangu, ni kwa ndege tu, ijue nguvu yake," Feruzi akamwambia.

"Haina macho? Inione!"

"Panda, mama. Nitageuza uso, sitasoma."

"Na nani atasoma?"

"Rubani."

"Rubani iko Mzungu. Mzungu asome, hapana neno. Wewe utaenda kusema kule Kasongo."

Akapanda. Huyo ndiye Mama Mwajuma wa Kabambare. Alikuwa amekuja Kindu kwa kaka yake ili hospitali imng'oe meno, kazi ikachukua wiki nyingi, na sasa alikuwa anarudi haraka kwa sababu binti yake, Mwajuma, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza huko nyumbani na bibi alikuwa bado hajamwona.

Rubani alitaka mzito akae na mwepesi. Feruzi akamtafutia Mama Mwajuma kiti kando ya mwanamume mwembamba aliyekuwa amepanda mapema na kujifunga mkanda kwa utii wa mwanafunzi. Jina lake Amisi, fundi cherehani. Mama alipofika na kumwona, alivuta kitambaa kikamfunika uso mzima. Amisi alipomwona, aliufungua mkanda kama mtu aliyekalia siafu, akaruka viti, akaenda mpaka nyuma kabisa, akachuchumaa juu ya mifuko ya posta kando ya mlango, uso ukutani. Feruzi alimfuata, akambembeleza, akamvuta shati. Wapi! Injini zilikuwa zimeshawaka.

Mimi nilidhani mama anaumwa jino na mwanamume ana hofu ya ndege. Bwana Taratibu hakudhani kitu. Aliona abiria asiye na mkanda, akaandika.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri mno. Lualaba ilikuwa chini yetu kama utepe aliouangusha mtu akikimbia. Feruzi aligawa pipi ili masikio yasizibe, na mzee jirani yangu akaifunga yake katika ncha ya kanzu.

"Si ya kuweka, baba, ni ya kunyonya," nikamwambia.

"Masikio yangu yamezeeka," akajibu, "hii ni ya wajukuu."

Tulipotua Kasongo na injini kuzimwa, Bwana Taratibu akafanya lile alilokuja kufanya. Alishuka, akasimama nje ya mlango na saa mkononi, akamwambia Feruzi: ndege inaungua, watoe watu.

"Simameni! Acheni mizigo! Tokeni kwa nyuma, mbio!" Feruzi alipiga sauti nzuri. Watu walisimama. Mmoja tu hakuacha kuku wake. Mama Mwajuma alitoka kitini, akapiga hatua chache, akamwona Amisi pale mlangoni kwenye mifuko. Akasimama. Akageuka. Walio nyuma yake walikuwa wanakuja na mwendo wao, wakamgonga, wakagongana, kuku akatoroka na kupita juu ya vichwa.

"Pita, mama!"

"Sipiti!"

"Basi wewe, baba, toka!"

"Sigeuki!" Amisi akajibu, akiiambia mifuko ya posta.

Kama moto ungekuwa wa kweli, marafiki zangu, msingekuwa mnasoma haya. Aliyetoka wa kwanza ni kuku.

Kasongo, siku ya kungoja

Ni jioni, juu ya sahani ya wali wa Kasongo na kuku wa mawese kwa shangazi yake Feruzi, ndipo nilipoelezwa. Sisi wa Stanleyville tumechanganyika sana, mambo haya tumeyalegeza. Lakini kwa watu wa Kabambare, mama wa mke hatazamwi na mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Hawali pamoja, hawapitani mlangoni, hawasemezani isipokuwa kwa kumtuma mtu. Amisi ndiye mume wa Mwajuma, na Feruzi, bila kujua, alikuwa ametaka kuwaketisha bega kwa bega.

"Mimi nilizaliwa hapa," akasema akijipiga paji la uso, "na nikasoma mizani, sikuuliza ukoo!"

"Kula," shangazi yake akasema. "Kofia haijavuliwa bado."

Asubuhi nilimweleza Bwana Taratibu. Alisikiliza mpaka mwisho, na nawaambia hakucheka wala hakudharau. Alisema hata yeye anaye mama mkwe, huko kwao Ubelgiji, mji wa Namur. Kisha akasema moto hauulizi ukoo. Siku ya kurudi angejaribu tena, kwa ndege ile ile na njia ile ile. Watu wakitoka vizuri, atatia saini. Wakikwama, hatatia, na asiombwe.

Yeye alikuwa na uwanja mpya wa kuutazama Kabambare. Feruzi akaomba ruhusa tufuatane. Amisi na Mama Mwajuma nao walikuwa wanakwenda huko, na wangerudi kwa ndege yetu: Amisi kumchukua mke na mtoto, mama kumaliza meno yaliyobaki. Feruzi alitaka kuyapatanisha mambo kabla ya siku ile.

Kasongo hadi Kabambare, kwa lori

Lori lilikuwa la mfanyabiashara mmoja, na dereva wake aliitwa Salumu, mtu wa mzaha tangu kucha za miguu. Bwana Taratibu alikaa naye mbele. Sisi tulikuwa juu ya magunia. Mama Mwajuma alikaa mwanzo wa mzigo, akitazama mbele. Amisi alikaa mwisho kabisa, akitazama vumbi tulikotoka. Katikati yao Feruzi alitandika mkeka na kuusimamisha kwa fimbo kama ukuta, na upepo ukauchukua kabla hatujauacha mji.

Mvua ilinyesha. Lori likazama. Salumu akashuka, akaligusa gurudumu, akatangaza: "Wanaume chini kusukuma! Wanawake chini kupunguza uzito! Wakwe... wakwe wajipange wenyewe!"

Hapo palikuwa na kazi. Mama akishuka kushoto, Amisi anashukia kulia. Mama akihamia kulia kukwepa tope, Amisi anapita chini ya lori. Alipotokea upande wa pili alikuwa na rangi ya lori lenyewe.

"Amisi," Salumu akamwita, "mke wako atakupokea au atakufua kwanza?"

"Sukuma, acha maneno!"

"Nasukuma kwa mdomo. Miye dereva."

Tulizama mara nyingi, na daraja moja la magogo tulilitengeneza sisi wenyewe. Watu wa kijiji cha karibu walituletea ndizi za kuchoma na sombe ya majani ya muhogo, wakakataa malipo, wakataka tu waelezwe kwa nini yule mama amekaa amejifunika na jua limetoka. Walipoambiwa, wanawake wakamshika mkono, wakampongeza kwa kushika heshima. Bwana Taratibu, aliyekuwa anakagua kama magogo yamefungwa vizuri, akaniuliza wanapongeza nini. Nikamwambia: wanampongeza kwa lile lile ulilomwandikia Feruzi kosa. Akatikisa kichwa muda mrefu, akaomba ndizi nyingine.

Kabambare

Tulifika watu wakiwa uani kwa Mama Mwajuma wakitusubiri. Mwajuma alikuwa amemaliza arobaini yake siku hizo hizo. Alitoka na mtoto mikononi, akapiga magoti, akamweka katika mapaja ya mama yake.

"Jina lake?" bibi akauliza.

"Sumaili."

Mama Mwajuma akamsogeza mtoto karibu. Sumaili lilikuwa jina la marehemu mume wake. Amisi ndiye aliyelichagua, akalituma kwa mdomo wa mtu kutoka Kindu. Mama akamwinua mtoto, akamtazama mbele na nyuma, kisha akafungua mdomo wake uliopungukiwa meno na kucheka mpaka machozi.

"Mume wangu! Umerudi! Mbona umekuwa mfupi?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja akasema, "Wewe huna meno, yeye hana meno, mutakula nini?"

"Uji! Tutakula uji mpaka kesho!" Akamgeukia binti yake. "Na wewe, mwenzangu, usilie wivu. Usiku ni wako, mchana ni wangu."

Kwa jinsi hiyo mtoto hakuitwa tena kwa jina. Kwa bibi alikuwa "mume wangu" tu, asubuhi hadi jioni, kama ilivyo kwa mabibi wa huko.

Feruzi akaona mlango umefunguka. Alimtuma Mwajuma kwa mama yake, kisha akaenda mwenyewe na mimi nyuma yake, akaketi chini.

"Mama yangu, nimesikia heshima hii inaweza kufunguliwa. Amisi atoe mbuzi, atoe kitambaa, mutazamane, yaishe. Ifanyike sasa, kabla ya ndege."

"Inafunguliwa, ndiyo. Mutoto akiota meno."

"Meno? Mama, ndege ni wiki ijayo!"

"Basi umwambie Mzungu wako angoje meno."

"Nitapoteza kazi, mama."

Alimtazama kwa huruma, hilo nililiona. Lakini akasema, "Mwanangu, nikikimbiza jambo hili kwa sababu ya ndege, kesho watalikimbiza kwa sababu ya lori, kesho kutwa kwa sababu ya baiskeli. Nitafute kiti kizuri. Nitakaa. Zaidi ya hapo sina."

Tulirudi. Njiani Feruzi alivunja kijiti, akachora ndege ardhini. Kama Amisi atakaa kiti cha mwisho, kando ya mlango, na Mama Mwajuma cha mbele kabisa, mama hatamwona safari nzima. Ikisemwa "tokeni", Amisi ataruka wa kwanza na kupotea nyuma ya ndege. Hawatapitana. Alichora, akafuta, akachora tena. Mwishowe alitabasamu, na nikakiri kwamba mpango ni mzuri.

Kasongo, ndege ya kurudi

Siku yenyewe Feruzi aliwapanga abiria kama mtu anayepanga mayai. Aliwauliza wote, mmoja mmoja, nani ni nani wa nani. Mama Mwajuma mbele, mjukuu mapajani, Mwajuma pembeni yake. Amisi nyuma kabisa. Mikanda yote ilifungwa, mizigo yote ilifungwa, hata kuku alifungwa. Kila nilipotazama sikuona kosa.

Bwana Taratibu alipita katikati, akavuta kila mkanda, akarudi nyuma. Kisha akaufunga mlango mkubwa, akauegemea kwa mgongo, akatoa saa.

"Moto," akasema kwa Kifaransa, "uko hapa, nje ya mlango huu."

Niligeuza maneno hayo na ulimi mzito. Mlango wa nyuma ukifa, unabaki mmoja: dirisha la dharura, katikati ya ndege, juu ya bawa. Walio mbele watarudi nyuma kulifikia, na walio nyuma watakuja mbele. Amisi na mama mkwe wake wangekutana hapo, uso kwa uso.

Nilimtazama Feruzi. Mchoro wake wote ulikuwa umefutika mara hii bila yeye kuufuta. Kisha sauti ya mwadhini ikatoka.

"Mlango wa nyuma unaungua! Dirisha la katikati! Acheni kila kitu!"

Aling'oa dirisha zito, akalizuia kwa mikono yote miwili ili lisiangukie watu. "Mwenye nguvu atoke kwanza, apokee watoto! Amisi! Wewe! Toka!"

Alimwita kwa sababu ndivyo kazi inavyotaka: atangulie mwanamume asiye na mzigo. Amisi alisitasita, akajipenyeza, akasimama juu ya bawa, akainama dirishani kupokea watoto. Na aliyefika dirishani baada yake, kwa kupishwa na watu kwa ajili ya mtoto, alikuwa Mama Mwajuma, mtoto kifuani.

Wakatazamana. Dirisha lilikuwa dogo kiasi kwamba hapakuwa na mahali pengine pa kuweka macho. Foleni ikasimama. Nilisikia saa ya Bwana Taratibu ikipiga. Amisi akaanza kugeuza uso. Mkono wa mama ukaanza kutafuta kitambaa kichwani, lakini mikono ilikuwa na mtoto.

Akamtazama mtoto.

"Mume wangu," akamwambia, "mlango ni wako, nyumba inaungua. Pita. Na huyu aliye nje usimwogope. Ni mpagazi wako tu."

Akampitisha mtoto dirishani, akamweka mikononi mwa Amisi.

Kicheko kilianzia kwa Mwajuma, kikaenda mpaka nyuma. Kikawasukuma watu kuliko amri yoyote. Mama akapanda kiti, akatoa mguu mmoja, akakwama kidogo, wawili wakamsukuma kwa heshima, akatoka. Mwajuma akafuata, kisha wote, mmoja mmoja, wakiteleza juu ya bawa mpaka kwenye majani. Feruzi alitoka nyuma yao wote, baada ya kutazama chini ya kila kiti.

Bwana Taratibu alitoka kwa dirisha hilo hilo, masharubu yakiwa yamekunjika. Aliitazama saa, akaitia mfukoni. Akaniuliza mama alisema nini. Safari hii nilimgeuzia yote, neno kwa neno, na mpagazi pia. Akasimama juu ya bawa, akaufanya ubavu wa ndege meza, akatia saini karatasi yake hapo hapo, kisha akampa Feruzi mkono mbele ya watu wote. Feruzi akauchukua kwa mikono miwili. Kofia ilimwanguka, hakuiokota.

Kasongo hadi Kindu

Tulipopanda tena, Feruzi alisimama katikati ya viti bila kujua amweke nani wapi.

"Mama, nikupeleke mbele?"

"Niweke kwa mume wangu."

Mtoto alikuwa bado mikononi mwa baba yake. Feruzi akawaketisha hivi: Amisi, kisha Mwajuma amekaa katikati na mtoto mapajani, kisha ng'ambo ya njia nyembamba, Mama Mwajuma. Alikuwa amelishusha kitambaa nusu uso, si wote. Injini zikawaka. Feruzi akaanza kupita akikagua mikanda, na kabla hajafika safu yao nikamsikia mama akiinama upande wa mtoto, akizungumza kwa sauti ya kutosha wasafiri wote.

"Mume wangu, mwambie baba yako afunge mkanda. Asitutie aibu tena."

Amisi akaufunga, akauvuta, akaukaza. Kisha na yeye akainama kwa mtoto, macho chini, masikio yamemwiva.

"Baba, mwambie bibi nimefunga."

Feruzi akapita safu ile bila kuikagua.